Ng'ombe, Shimo na Dari: Dhima na Kodi ya Roboti Mahali pa Kazi

UTANGULIZI

Neno "roboti" bado ni geni vinywani mwa wengi wetu, lakini kitu chenyewe kimekwisha kuingia mahali petu pa kazi bila kubisha hodi. Neno hilo lilianza kusikika mwaka 1920 katika tamthilia ya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, nalo latokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti, ile ambayo mkulima asiye huru alimfanyia mwenye ardhi bila ujira. Basi tangu kuzaliwa kwake jina hilo limebeba swali la haki: nani afanye kazi, nani afaidi, na nani ajibu mambo yanapoharibika?

Katika makala haya tunaita roboti kila mashine ipokeayo habari kwa vihisio vyake, ikapambanua kwa programu iliyopewa, kisha ikatenda pasipo mkono wa mtu kuielekeza kila mara. Si lazima iwe na kichwa na miguu. Kwa miaka mingi, katika viwanda vya kukoboa kahawa vya Afrika Mashariki, uchambuzi wa mwisho ulifanywa na akina mama walioketi mbele ya kahawa wakiondoa punje mbovu kwa vidole. Leo ipo mashine ambayo jicho lake la umeme hutazama kila punje ipitapo, na punje yenye rangi mbaya hupigwa kwa pumzi ya hewa ikatupwa kando kufumba na kufumbua. Hiyo ni roboti, ijapokuwa haina uso. Kwa mji kama Moshi, uliojengwa kwa kahawa tangu kabla ya KNCU kuundwa mwaka 1933, jambo hili si hadithi ya mbali.

Maswali mawili yanatukabili. Kwanza, roboti ikimjeruhi au kumwua mfanyakazi, nani ana dhima, yaani nani apaswa kujibu na kulipa? Pili, roboti ikichukua nafasi ya mfanyakazi, nani atalipa kile ambacho ajira yake ilikiingiza katika hazina ya wote? Tutajaribu kuonyesha kwamba maswali haya mawili yana jibu moja: sheria isiitazame mashine usoni, bali imtafute mwanadamu aishikaye kamba yake.

1. SHERIA TATU ZA TORATI

Watu wa kale hawakujua roboti, lakini walijua kitu chenye nguvu kuliko mtu, kifanyacho kazi ya mtu, na kiwezacho kumwua mtu bila kuamriwa. Kitu hicho ni ng'ombe dume. Katika Kutoka 21:28-32 Torati inatofautisha hali mbili. Ng'ombe akimwua mtu kwa mara ya kwanza, ng'ombe atapigwa kwa mawe, na mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga kwa pembe, na mwenyewe akaonywa asimfunge, hapo hatia inamwangukia mwenyewe, naye aweza kudaiwa hata uhai wake au fidia yake. Kinachobadilisha hukumu ni ujuzi wa mwenye ng'ombe, wala si ukali wa mnyama.

Mara baada ya hapo, katika Kutoka 21:33-34, inakuja sheria ya shimo. Mtu afukuaye shimo na kuliacha wazi atamlipa mwenye mnyama aliyetumbukia. Hapa haiulizwi kama shimo lilikuwa na tabia mbaya. Inaulizwa nani alilifanya na kuliacha bila kifuniko. Tena katika Kumbukumbu la Torati 22:8 mjenzi wa nyumba anaagizwa kuweka ukuta mfupi kandokando ya dari, ili mtu asianguke na damu yake kuwa juu ya nyumba. Sheria hii haingoji ajali. Inaamuru kinga kabla mtu hajaumia.

Tukiziweka pamoja, sheria hizi tatu zinatupa watu watatu. Ng'ombe anatuelekeza kwa mwenye mali aliyejua hatari. Shimo linatuelekeza kwa aliyetengeneza. Dari inatuelekeza kwa mwenye mahali, ambaye wajibu wake unatangulia ajali. Hatusemi kwamba Bunge liandike sheria zake kwa kunakili Torati. Mapokeo yetu ya Kilutheri yanatambua kwamba utawala wa dunia una kazi yake na akili yake. Tunasema tu kwamba mpango huu wa zamani unapambanua vizuri kuliko baadhi ya mapendekezo ya siku hizi, kama tutakavyoona.

2. KUTOKA KUADHIBU KITU HADI KUMLISHA MJANE

Sheria ya Kiingereza, iliyo mama wa sehemu kubwa ya sheria yetu, ilikaa muda mrefu na desturi moja ya ajabu. Kitu chochote kilichosababisha kifo cha mtu, kikiwa gurudumu au farasi au pipa, kilihesabiwa kuwa kimetolewa kwa Mungu, na thamani yake ikachukuliwa na Mfalme. Reli zilipokuja, desturi hiyo ikapata nguvu mpya. Baada ya ajali ya treni karibu na Sonning mwezi Desemba 1841, iliyoua wafanyakazi waliokuwa wakisafiri katika mabehewa ya wazi, baraza la uchunguzi lilitangaza tozo la paundi 1,000 juu ya injini na mabehewa. Mwaka 1846 Bunge la Uingereza liliifuta desturi hiyo, na mwaka huohuo likapitisha sheria iliyowapa jamaa za marehemu haki ya kudai fidia kwa yule ambaye kosa lake lilisababisha kifo.

Mabadiliko hayo mawili ya mwaka mmoja yana somo kubwa kwetu. Kwanza kitu kilikuwa kinatozwa, na mjane hakuwa na haki ya kupata chochote. Baadaye kitu kiliachwa, mtu akatafutwa, na mjane akapata mlango wa kubisha. Sheria ilikua ilipoacha kuikasirikia mashine.

Hatua nyingine ilikuwa kuacha kumlazimisha mfanyakazi kuthibitisha kosa. Ujerumani ilianzisha bima ya ajali za kazini mwaka 1884, wakati wa Bismarck, na Uingereza ikaweka sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 1897. Msingi wake ni huu: anayefaidi kazi ya hatari abebe gharama ya hatari hiyo, kama vile abebavyo gharama ya makaa na mafuta. Kwa upande wetu, Sheria ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, ilipokea kanuni za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa hiyo hakimu wa Moshi aliye na kesi ya mashine hayuko jangwani. Anazo kanuni za uzembe, za dhima ya bwana kwa kosa la mtumishi wake, na ile ya mwaka 1868 katika shauri la Rylands na Fletcher, kwamba aletaye katika ardhi yake kitu chenye madhara kikiponyoka atajibu.

Wala wazee wa mlimani hawakuwa bila mwanga katika jambo hili. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Moshi kwa miaka mingi, alitoa mwaka 1926 kitabu kikubwa juu ya sheria ya Wachaga, na katika maandishi yake alisisitiza vifungo vya ukoo na ujirani. Mtu aliyemdhuru mwenziwe hakusimama peke yake. Ukoo wake ulisimama pamoja naye kutoa fidia, na ukoo wa aliyedhurika ukaipokea. Mwenye jeraha hakuachwa akitafuta mlipaji.

3. DHIMA CHINI YA SHERIA ZETU ZA SASA

Tanzania Bara ina nguzo mbili muhimu. Nguzo ya kwanza ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Hii ndiyo sheria ya dari: mashine izungushiwe kinga, mfanyakazi afundishwe, mahali pakaguliwe. Nguzo ya pili ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Waajiri walianza kuchangia mwaka 2015. Mfanyakazi akiumia kazini, kwa kawaida hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri ili atibiwe na kulipwa. Na akifa, wategemezi wake wana haki ya malipo. Kwa maana hiyo Mfuko umekuwa ukoo wa waajiri. Mmoja akipatwa, wote wamechangia.

Je, mpango huu unatosha kwa roboti? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mkono wa chuma ukimvunja mtu bega, Mfuko hauulizi kama mkono huo uliongozwa na fundi au na programu. Lakini zipo nyufa tatu.

Ufa wa kwanza ni wa shimo. Mwaka 1979, katika kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, mfanyakazi wa miaka 25 alipigwa na kuuawa na mashine ya kuchukua vipuri, naye hutajwa kuwa mtu wa kwanza kuuawa na roboti. Mwaka 1983 baraza la mahakama liliipa jamaa yake dola milioni 10 dhidi ya kampuni iliyotengeneza mashine hiyo. Jamaa ya Marekani iliweza kumfikia mtengenezaji kwa sababu alikuwa katika nchi yao. Mashine iliyofungwa Moshi, hata hivyo, yaweza kuwa imeundwa nchi moja, programu yake ikaandikwa nchi nyingine, ikaingizwa na wakala wa Dar es Salaam na kufungwa na fundi wa mkataba. Mjane wa Kibosho hawezi kumfuata mwandishi wa programu ng'ambo ya bahari. Umoja wa Ulaya umeliona tatizo hili. Sheria yake ya mwaka 1985 ilimhesabu mwingizaji wa bidhaa kuwa sawa na mtengenezaji, na ile mpya ya mwaka 2024 imesema wazi kwamba programu nayo ni bidhaa. Sisi nasi twahitaji kanuni hizo mbili, zikiandikwa kwa maneno yasiyo na mashaka: mwingizaji ajibu kama aliyefukua shimo, na programu isihesabiwe kuwa hewa. Mfuko umlipe mjane kwanza, kisha wenye nguvu na mawakili wamfuate mwingizaji.

Ufa wa pili ni wa ng'ombe. Torati iliuliza: je, mwenyewe alikuwa ameonywa? Roboti nyingi huandika ndani yake kumbukumbu ya kila zilichofanya: ilisimama saa ngapi, ilikosea mara ngapi, nani aliizima king'ora. Kumbukumbu hiyo ndiyo shahidi wa onyo, nayo imo mikononi mwa mwenye mashine au wa mtengenezaji. Sheria iamuru ihifadhiwe na kutolewa kwa mkaguzi kila ajali itokeapo. Mwenye mashine akiifuta, ahesabiwe kuwa alijua.

Ufa wa tatu ni wa watu wasioandikwa. Kibarua wa msimu aliyeajiriwa kwa neno la mdomo, asiye na mkataba wala jina katika orodha ya malipo, ana haki katika kitabu lakini hana karatasi mkononi. Yeye ndiye mara nyingi asimamaye karibu na mashine pasipo mafunzo. Hapa upungufu haumo katika sheria bali katika utekelezaji wake.

Yapasa kutaja pia pendekezo lililozua mjadala mkubwa. Tarehe 16 Februari 2017 Bunge la Ulaya liliitaka Tume ya Ulaya ichunguze, pamoja na njia nyingine, uwezekano wa kuzipa roboti za hali ya juu aina ya utu wa kisheria, ili zenyewe zibebe dhima ya madhara yake. Watetezi walisema: mbona kampuni ni mtu mbele ya sheria, nayo haina damu? Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Kampuni ina mtaji na wakurugenzi wanaoweza kuitwa mahakamani. Roboti ina kile tu ambacho mwenyewe ameamua kuiwekea. Ikiwa ameiwekea kidogo, mjane atapata kidogo, na tajiri atajificha nyuma ya mashine yake kama nyuma ya mti. Huko ni kurudi kabla ya mwaka 1846, kumpiga ng'ombe kwa mawe na kumwachilia mwenyewe aliyeonywa. Kitheolojia tungeongeza kwamba atakayeulizwa habari za ndugu yake ni mtu, kama Kaini alivyoulizwa, wala mtu hana ruhusa ya kuikasimu hatia yake kwa chombo alichokiunda.

4. KODI: NANI AJE KUSAFISHA MFONGO?

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu hapa hakuna aliyekosa. Mwenye kiwanda anayenunua mashine hajaiba. Tena mashine humwondolea mtu mzigo mzito, na mkata miwa wa Arusha Chini hatalia akipumzishwa kuinama juani. Lakini zipo hasara zisizo na mkosaji, na sheria yapaswa kuzigawa kwa haki.

Tuanze na hali ilivyo. Mwajiri wa Tanzania Bara hulipa Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, inayohesabiwa juu ya jumla ya mishahara. Mwaka 2021 idadi ya wafanyakazi inayomwingiza mwajiri katika tozo hiyo ilipandishwa kutoka wanne hadi kumi, na mwaka 2023 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Juu yake kuna mchango wa WCF na wa hifadhi ya jamii, ambayo yote huhesabiwa kwa mshahara wa mtu. Mashine haina mshahara, kwa hiyo haihesabiwi. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imekuwa ikimruhusu mwenye kiwanda kuondoa katika hesabu ya faida yake nusu ya gharama ya mashine iliyofungwa kiwandani katika mwaka wa kwanza, na kwa mashine za kilimo gharama yote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kiwanda kina wachambuaji 20, kila mmoja akilipwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Mishahara ni shilingi 4,000,000, na kwa kiwango cha mwaka 2023 tozo ni shilingi 140,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,680,000 kwa mwaka. Mwenye kiwanda ananunua mashine na kubaki na watu tisa. Hatupungukiwi tozo la watu 11 tu. Tozo lote linakoma, kwa sababu hafikii tena kumi. Hivyo fedha iliyokusudiwa kuwafundisha watu ufundi inatoweka siku ileile ambapo watu 11 wanahitaji kufundishwa ufundi mwingine. Ni kweli kwamba mishahara nayo huondolewa katika hesabu ya faida, kwa hiyo tusiseme sheria inamchukia mfanyakazi. Hata hivyo mizani imeinama, na imeinama upande wa kitu.

Wengine wamependekeza kodi ya roboti. Bill Gates alisema mwaka 2017 kwamba roboti ichukuayo kazi ya mtu ingefaa itozwe kama alivyotozwa mtu. Bunge la Ulaya, katika azimio lilelile la 2017, halikulikubali wazo la kodi hiyo. Korea ya Kusini ilichukua njia ya katikati mwaka huohuo, ikaamua kupunguza nafuu ya kodi iliyokuwa ikitolewa kwa wanaowekeza katika mashine zijiendeshazo. Sisi twaona kodi ya roboti kwa jina lake ina shida isiyotatulika: nani atasema roboti ni ipi? Pampu ya maji ijizimayo ni roboti? Kompyuta ya mhasibu je? Mtoza kodi atakuwa akihesabu vyuma, na mwenye mali atakuwa akivibadilisha majina.

Hapa mlima wetu una mfano ulio bora. Mifongo, ile mifereji ya kale ileteayo migomba yetu maji kutoka juu, haikudumu kwa sababu maji ni ya bure. Ilidumu kwa sababu kila anywaye katika mfongo alipaswa kuja siku ya kuusafisha, na asiyekuja alitozwa. Haikuulizwa alimwagilia kwa jembe au kwa nini. Iliulizwa kama shamba lake lilipata maji. Kodi nayo na ifuate kanuni hiyo. Tozo ya ufundi isihesabiwe kwa vichwa na mishahara pekee, bali kwa thamani ambayo kiwanda kimeiongeza, iwe imeongezwa kwa mikono au kwa chuma. Anayeajiri wengi hataadhibiwa kwa kuajiri, na anayetumia mashine hatakwepa kuja kusafisha mfongo.

Tena nafuu ya kununua mashine isitolewe bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kwamba teknolojia yaweza kuwa sababu ya kupunguza wafanyakazi, nayo inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kwanza. Kiinua mgongo ilichokiweka ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka kumi. Mama aliyechambua kahawa miaka kumi angepata mshahara wa siku 70. Mama aliyeitwa kila msimu na kuachwa kila msimu, bila kutimiza miezi 12 mfululizo, huenda asipate kitu. Haielekei kuwa haki kwamba mwenye mashine apate nafuu yake mwaka wa kwanza, na mwenye vidole aondoke mikono mitupu. Nafuu hiyo ifungwe na sharti la kuwafundisha upya wanaoachwa, wakiwemo wa msimu.

Kwamba jambo hili si la viwandani tu, lilionekana mwaka 2019, Serikali ilipotangaza kuwa inatafakari magari ya kuning'inia kwenye nyaya juu ya Mlima Kilimanjaro. Wapagazi na waongozaji wa watalii walipinga, wakihofia riziki yao. Magari hayo si roboti, lakini swali ni lilelile. Mgeni angelipia chuma badala ya mabega ya mtu, na fedha iliyokuwa ikiteremka na mpagazi hadi Marangu na Machame, kulipa ada ya shule na dawa ya mzee, ingebaki mahali pengine.

HITIMISHO

Tumesema kwamba dhima ya roboti ni ya wanadamu watatu, mwenye mashine aliyejua, mtengenezaji au mwingizaji aliyeacha shimo wazi, na mwenye mahali asiyejenga ukuta wa dari. Na kwamba kodi ifuate maji ya mfongo, isifuate vichwa vya watu.

Kwa wachungaji na wanafunzi wa theolojia, mambo matatu yanafuata. Kwanza, Kanisa lenyewe ni mwajiri, katika hospitali, shule na ofisi zake. Lisihubiri Kumbukumbu la Torati 22:8 huku dari lake halina ukuta. Pili, mchungaji mara nyingi ndiye wa kwanza kufika nyumbani kwa aliyeumia. Na ajue kwamba Mfuko wa Fidia upo na kwamba madai yana muda wake, na baada ya sala aulize, "Mmekwisha kupeleka taarifa?" Tatu, Luther katika Katekisimo Kubwa anafundisha kwamba Amri ya Tano huvunjwa pia na yule awezaye kumkinga jirani yake na asimkinge. Sheria za roboti zingali zinaandikwa. Wataalamu wa fedha na wenye viwanda watasikilizwa bila kuitwa. Mama aliyekuwa akichambua kahawa hataitwa, tusipomtaja.